Ominde kabla ya tume na baada yake

Taja jina la Ominde mbele ya walimu wa Kenya waliokula chumvi na jibu litakujia papo hapo: Tume ya Ominde, 1964. Aliyesomea ualimu atakuongezea kwamba ndiyo tume ya kwanza ya elimu baada ya uhuru, kwamba ndiyo iliyotuletea mfumo wa 7-4-2-3 (miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya sekondari ya juu na 3 ya chuo kikuu), kwamba ndiyo iliyotaka shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika ziwe shule za Wakenya. Haya tuliyakariri kwa ajili ya mtihani, tukayaandika, tukapita. Sasa uliza swali la pili. Huyo Ominde mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kuitwa, na baada ya ripoti kutoka alirudi wapi? Hapo ndipo watu huanza kutazamana.

Simeon Hongo Ominde alikuwa mwanajiografia. Alizaliwa Nyanza, akafundisha jiografia Makerere, kisha akafundisha jiografia Nairobi mpaka akawa profesa na mkuu wa idara, na ripoti ilipokwisha kukabidhiwa alirudi kwenye ramani zake na takwimu zake za sensa. Elimu ilikuwa kituo kimoja tu katika safari ndefu. Mimi nafundisha jiografia Kisumu, nyumbani kwetu ni Vihiga, na kwa miaka mingi nimeumizwa na jinsi tunavyomkumbuka mtu huyu kwa mwaka mmoja wa maisha yake. Naamini hata tume yenyewe hatujaielewa vizuri, kwa sababu tumeisoma bila kukumbuka aliyeiongoza alikuwa amezoea kuuliza nini.

Alizoea kuuliza watu wako wapi, kwa nini wako hapo, na ni nini kinachowafikia wakiwa hapo. Ukiyaweka maandishi yake kwenye meza moja, utaona swali hilo likipita ndani yake tangu mwanzo.

Mwanzo wenyewe ni wa kushangaza kidogo. Mwaka wa 1952 alichapisha kijitabu kuhusu malezi ya msichana wa Kijaluo, tangu utotoni hadi kuolewa. Hakuna ramani ndani ya mada hiyo, wala tani za pamba, wala reli. Wengi wanaoorodhesha kazi zake hukiruka au hukitaja kama kazi ya ujanani. Mimi nadhani kina uzito wake. Katika Nyanza ya wakati ule, nani alihama kuliko wote? Tukisema uhamaji, tunamfikiria kijana wa kiume na sanduku lake la bati akielekea Mombasa au Kampala. Lakini karibu kila mwanamke mzima alikuwa amehama pia: alizaliwa kwa baba yake, akaolewa mbali na pale, akajifunza mito mingine, masoko mengine, udongo mwingine. Safari hiyo haikuwa na tiketi wala kibali, kwa hiyo hakuna karani aliyeiandika. Mwanajiografia aliyeanza kwa kumtazama msichana anayeandaliwa kuondoka kwao alikuwa ameshaanza somo la uhamaji, hata kama kijitabu hakikusema hivyo. Huo ni usomaji wangu, na nausimamia.

Makerere ya miaka hiyo ilikuwa na idara ya jiografia iliyojengwa na Mwingereza S. J. K. Baker. Humo ndimo jiografia ya Afrika Mashariki ilimoanza kufundishwa kama elimu ya chuo kikuu, na humo Ominde alifundisha. Mwaka wa 1971 alihariri kitabu cha makala kuhusu jiografia na maendeleo ya Afrika Mashariki, kikatolewa kwa heshima ya Baker. Sisi walimu tunajua uzito wa jambo la namna hiyo. Kuhariri makala za watu wengine ni kazi ya kuchosha, haina sifa nyingi, na mtu huifanya kwa sababu anaona deni linastahili kulipwa.

Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoiandikia Chuo Kikuu cha London mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilihusu ardhi na watu katika wilaya za magharibi za Nyanza. Kwa maneno mengine, alikwenda London kuandika juu ya nyumbani. Kabla ya 1948, hesabu ya Waafrika katika Kenya ilikuwa jambo la kubahatisha. Serikali ya kikoloni ilikadiria idadi ya watu kwa kuangalia vitabu vya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa: walipakodi ni wangapi, basi zidisha. Sensa ya kwanza iliyojaribu kuhesabu watu wote kwa utaratibu ilifanyika 1948, ikapata watu milioni 5.4. Ya pili ilifuata 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, ikapata milioni 8.6. Kwa hiyo Ominde alikuwa miongoni mwa wasomi wa kwanza wa nchi hii waliopata kitu cha kufanyia kazi: sensa mbili za kulinganisha. Kitabu chake kikuu, kilichotoka 1968, kilihusu ardhi na uhamaji wa watu Kenya. Ukikisoma unamwona mtu anayeishika nchi nzima mkononi, wilaya kwa wilaya, akiuliza nani ameingia na nani ametoka.

Kwa nini mtu wa Nyanza ndiye aliyeuliza hivyo? Nina jibu langu, na huwa nawapa wanafunzi wangu tukiwa Riat.

Riat ni kile kilima unachopanda ukitoka Kisumu kwenda Kakamega. Ukisimama juu kabisa na kutazama kusini, mkono wako wa kulia kuna Ghuba ya Winam, na chini yako paa za mabati za Kisumu. Mkono wa kushoto, uwanda wa Kano umetandazwa tambarare hadi Ahero na kuendelea, na kule mbali mashariki kuna miwa ya Miwani, Chemelil na Muhoroni chini ya ukuta wa milima ya Nandi. Mbele yako, ng'ambo ya Kano, kuna mwinuko wa Nyabondo. Nawaambia wanafunzi wafunue ramani ya vipimo vya 1:50,000, waiweke chini, wazuie pembe zake kwa mawe kwa sababu upepo wa pale hauchezewi, kisha wanionyeshe kwa kidole mahali ambapo mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi, inakaribiana. Halafu wainue macho wapaone mahali penyewe. Mwanafunzi aliyekuwa akiichukia kontua darasani huanza kucheka peke yake. Ule ukuta wa Nandi uliokuwa mistari ya kahawia iliyobanana karatasini, sasa anauona umesimama mbele yake.

Kisha naanza maswali. Mbona uwanda huu wote, ulio tambarare na wenye udongo mweusi, hauna watu wengi kama vile vilima vya nyuma yetu? Kwa sababu mto Nyando ukifurika hauombi ruhusa. Kwa sababu udongo ule mweusi ukilowa hunasa jembe na ukikauka hupasuka. Kwa sababu mvua ya Kano haiaminiki, na ndiyo maana mpunga wa Ahero ulihitaji mradi wa kumwagilia maji. Na mbona kando ya ziwa kuna sehemu zilizokaa bila watu kwa muda mrefu? Hapo inabidi nizungumzie mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno kuzunguka ziwa hili, na bonde kama Lambwe liliachiwa mbung'o na wanyama. Leo sehemu ya bonde hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Mgeni anayekwenda kutazama swala pale aelewe kwamba utupu ule una historia.

Nikishamaliza kutazama kusini, tunageuka. Nyuma yetu ni Maseno, ambako mstari wa ikweta unakata barabara, na zaidi ya hapo ni Vihiga, kwetu. Mvua ya huko inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Sensa ya 2019 ilihesabu Vihiga watu 590,013 na wastani wa watu 1,047 katika kila kilomita ya mraba, wakati wastani wa Kenya nzima ni 82. Haya si mabanda ya mjini. Ni mashamba, kaunti ya wakulima.

Takwimu hiyo ninaijua kwa namna nyingine pia. Babu yangu alikuwa na shamba la kutosha ng'ombe, mahindi, mtama na kichaka cha kuni. Wanawe waligawana. Walipofariki, zamu ikawa ya kizazi chetu. Siku ya kugawana upya, ami yangu alikuja na kamba ya katani aliyoipiga mafundo kwa hatua zake mwenyewe. Naibu wa chifu alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mparachichi. Kamba ilivutwa kutoka kwenye ua wa michongoma hadi barabarani, ikafika kwenye kaburi la nyanya, ikasimama. Kaburi litakuwa upande wa nani? Hakuna aliyetaka kupanda mboga hapo, na hakuna aliyetaka liwe la mwingine. Wakakubaliana mstari upinde, uzunguke kaburi, kisha uendelee. Halafu likaja suala la mparachichi, na hilo lilichukua muda mrefu kuliko kaburi, kwa sababu mparachichi unazaa na matunda yake yana pesa. Kufikia jioni kila ndugu alikuwa na ukanda mrefu mwembamba, upana wake mtu anarusha jiwe bila kutumia nguvu na linaangukia kwa jirani. Ndugu yangu mmoja alitazama sehemu yake, akasema kwa utulivu kwamba atarudi Nairobi Jumatatu. Akaenda.

Uhamaji unaanzia hapo, kwenye kamba ya katani. Babu mwenyewe alikuwa amekwenda Kericho kuchuma chai akiwa kijana. Wengine wa ukoo walikwenda kwenye reli, wengine kwenye miwa, wengine bandarini. Baada ya 1962, mashamba ya walowezi yalipoanza kugawiwa, kuna waliopata ardhi Lugari, na wajukuu wao leo wanaitwa watu wa Lugari. Kila familia ya magharibi ina mishale yake ya namna hii ukiichora kwenye karatasi. Ominde aliichora ya nchi nzima. Mtu aliyekulia sehemu ambayo wanaume wengi wa umri wa kufanya kazi hawapo nyumbani hahitaji kuambiwa kwamba idadi ya watu wa mahali ni jambo linalotembea.

Basi mtu wa namna hii, mwenye macho ya namna hii, ndiye aliyeitwa Desemba 1963, siku chache tu baada ya uhuru, kuongoza Tume ya Elimu ya Kenya. Waziri wa Elimu alikuwa Joseph Otiende, mtu wa kwetu Vihiga, na sitaficha kwamba jambo hilo hunifurahisha kila ninapolitaja. Sehemu ya kwanza ya ripoti ilitoka Desemba 1964.

Isome ripoti hiyo ukiwa na ramani ya Kenya mezani. Shule zilikuwa wapi mwaka wa 1963? Angalia upande wetu kwanza. Reli ilifika kwenye ziwa, mahali palipoitwa Port Florence na sasa ni Kisumu, Desemba 1901. Mwaka uliofuata Wakweka, wale wa Friends, walifungua misheni yao Kaimosi. Mwaka wa 1906 Waanglikana walianzisha shule Maseno. Wakatoliki nao hawakuchelewa. Ndani ya miaka michache tu baada ya treni kupiga honi kando ya ziwa, vilima hivi vyenye mvua na watu wengi vilikuwa na wamisionari wanaoshindana kufungua shule. Mmisionari alifuata reli, reli ilifuata ziwa na Uganda, na shule ikafuata watu waliokuwa tayari wamesongamana kwa sababu ya mvua na udongo. Wakati huohuo Turkana, Wajir, Mandera na Garissa hakukuwa na kitu cha kulinganisha na hayo. Mtoto wa Kaimosi alipata shule kwa sababu ya mahali alipozaliwa, na mtoto wa Wajir aliikosa kwa sababu hiyohiyo. Hakuna aliyekuwa mwerevu kuliko mwenzake.

Tunapofundisha Tume ya Ominde tunasisitiza ubaguzi wa rangi, na ni haki tusisitize, kwa sababu kuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika katika nchi moja, kila moja na fungu lake la pesa, lilikuwa jambo la aibu na ilibidi likomeshwe. Lakini tume iliuona pia ubaguzi wa mahali, ule usio na bango mlangoni. Ripoti ilizungumzia wazi tofauti kati ya maeneo. Huu wa pili ndio uliodumu. Bango la rangi liliondolewa upesi. Umbali kati ya mtoto na shule haukuondolewa kwa ripoti.

Kuhusu elimu ya bure, tume ililikubali kama lengo la haki, ila mkazo wake mkubwa ulikuwa kwenye sekondari na kwenye kuwapata haraka watu wa kuchukua kazi zilizoachwa na wakoloni. Nchi ilihitaji makarani, wahandisi, walimu na madaktari, na iliwahitaji jana. Naelewa sababu, ingawa gharama ya uamuzi huo ilibebwa na watoto wa vijijini. Karo ya madarasa manne ya kwanza iliondolewa 1974, na elimu ya msingi ya bure kwa wote ikaja 2003, karibu miaka 40 baada ya ripoti. Katikati hapo wazazi walijenga shule za harambee kwa kuuza kuku na mahindi. Ukipita barabara ya Luanda hadi Majengo utaziona nyingi, na majengo yake ya kwanza bado yamesimama.

Na lugha? Siwezi kuandika makala haya kwa Kiswahili nikaiacha. Tume ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Sehemu ya pili ya pendekezo ilikuwa ya maana sana: watu waliotoka kwenye lugha zaidi ya 40 walihitaji lugha ya kuzungumzia sokoni, kazini na kwenye treni, na tume iliona hilo. Sehemu ya kwanza naipinga hadi leo. Nimekaa kwenye madarasa ya vijijini nikamwona mtoto wa miaka 6 akikariri sentensi asiyoijua maana yake hata kidogo, na nasema kwa moyo wote kwamba hesabu na sayansi za mwanzo zingemwingia vizuri zaidi kwa lugha anayoiota usiku. Tume ya Gachathi ya 1976 ilirudi kwenye hoja hiyo kwa madarasa ya chini. Kiswahili chenyewe kilisubiri hadi ripoti ya tume ya Mackay ya 1981 na mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ndipo kikawa somo la lazima linalotahiniwa. Pendekezo bila mtihani Kenya hii ni pendekezo lililolala. Ominde mwalimu bila shaka alilijua hilo, na laiti tume yake ingelisukuma zaidi.

Baada ya hapo, jina lake likabaki kwenye tume na yeye akaendelea na kazi. Hii sehemu ya pili ya maisha yake ndiyo ninayoipenda zaidi.

Sensa ya 1969 ilipata watu milioni 10.9. Ya 1979 ikapata milioni 15.3. Kenya ilikuwa ikikua kwa takriban asilimia 3.8 kwa mwaka, kasi iliyokuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani, na wastani wa watoto kwa mwanamke mmoja ulikuwa kama 8. Serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa uzazi wa majira mwaka wa 1967, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika, lakini mpango ulikuwa kwenye karatasi zaidi kuliko kliniki. Wakati huo kuzungumzia idadi ya watu kulikuwa kugumu. Wageni walikuwa wakituambia tumekuwa wengi mno, na Mwafrika aliyetoka juzi kwenye ukoloni alikuwa na kila sababu ya kushuku nia yao. Nakumbuka wazee wa kwetu wakisema kwamba watu ndio mali. Walikuwa sahihi kwa namna yao: mwenye watoto wengi alikuwa na mikono ya kulima na sauti kwenye baraza.

Kazi aliyoifanya Ominde katika mazingira hayo ilikuwa kuhakikisha kwamba tunazo takwimu zetu wenyewe na watu wetu wenyewe wa kuzisoma. Mwaka wa 1972 alihariri pamoja na Charles Ejiogu kitabu kuhusu ongezeko la watu na maendeleo ya uchumi Afrika. Mwaka wa 1975, baada ya Umoja wa Mataifa kuutangaza 1974 kuwa Mwaka wa Idadi ya Watu Duniani, alitoa kitabu kuhusu watu wa Kenya, Uganda na Tanzania. Na katika Chuo Kikuu cha Nairobi ilianzishwa, mwaka wa 1977, taasisi ya masomo na utafiti wa idadi ya watu, ambayo yeye ndiye aliyekuwa nguzo yake ya kwanza. Hadi leo taasisi hiyo inafundisha wataalamu wa demografia wanaofanya kazi serikalini na kwenye kaunti. Utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha wastani wa watoto kwa mwanamke umeshuka hadi 3.4. Kutoka 8 hadi 3.4 ndani ya maisha ya mtu mmoja! Shule za wasichana zimechangia, kliniki zimechangia, na ile kamba ya katani nayo imechangia, kwa sababu mzazi anayejua shamba halitoshi huhesabu mara mbili.

Lakini si kila mabadiliko ya idadi ya watu ni habari njema, na mwalimu wa jiografia wa Kisumu hawezi kulikwepa hili. Ukimwambia mwanafunzi achore piramidi ya umri, yaani mchoro wa idadi ya watu kwa kila rika, ya maeneo ya ziwa kwa miaka ya ukimwi, anachora pengo. Homa Bay, Siaya, Kisumu na Migori zimekuwa juu ya orodha ya maambukizi nchini kwa miaka mingi. Darasani wapo waliolelewa na nyanya zao kwa sababu ya pengo hilohilo wanalolichora kwa rula. Siku ya somo hilo huwa nafundisha polepole, na sikemei kelele.

Kuna watu wanaoona takwimu kama jambo la makarani. Waulize watu wa kaskazini kilichotokea baada ya sensa ya 2009, pale waziri aliyehusika alipofuta matokeo ya wilaya 8 na kesi zikafika mahakamani. Kwa nini watu walipigania hesabu hivyo? Kwa sababu katiba ya 2010 ilileta kaunti, na fomula ya kwanza ya kugawa pesa za kaunti ilitoa asilimia 45 kwa idadi ya watu na asilimia 8 kwa ukubwa wa ardhi. Vihiga ina watu tele katika ardhi kiduchu. Turkana ina ardhi isiyo na mwisho. Kila namba ndani ya fomula ile ni zahanati ya mtu fulani. Mabishano ya fomula mpya yaliyokwamisha Seneti mwaka wa 2020 yalikuwa somo la jiografia ya watu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Na mwaka huohuo ziwa nalo likasema lake. Mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kuipita hata rekodi ya 1964, mwaka uleule wa ripoti ya tume. Dunga na fuo nyingine, vyoo, mabanda ya samaki na nyumba viliingiliwa na maji. Budalang'i, mto Nzoia ulizidi kingo zake kama ulivyozoea. Familia zilihamia kwenye shule, na madawati yakawa vitanda. Nilitembelea shule moja ya aina hiyo nikamkuta msichana amelala juu ya dawati akisoma atlasi, kwa kuwa hicho ndicho kitabu pekee kilichookolewa kikiwa kikavu. Akaniuliza kama ramani itachorwa upya. Nikamwambia ndiyo, ukingo wa ziwa huchorwa upya, na kuna watu ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku. Hakuwa amejua kuna kazi ya namna hiyo.

Mtaala mpya umeifanya jiografia kuwa somo la kuchagua katika shule ya upili ya juu. Wazazi hunijia wakiuliza itamfikisha wapi mtoto. Huwa nawatajia upimaji wa ardhi, mipango ya miji, sensa, hali ya hewa, maji, kaunti. Halafu nawatajia Ominde, na wengi hudhani nimehama mada nikaanza kuzungumzia tume.

Wako watu waliokaa kwenye madarasa yake, Makerere na Nairobi. Wengi wao sasa ni wazee sana, baadhi wanaishi hapa hapa magharibi, kwenye mashamba yao ya Gem, Seme, Nyakach na Bunyore. Nimeanza kuwatafuta. Nataka kujua alivyofundisha: kama alichora ramani ubaoni bila kutazama kitabu kama walivyofanya walimu wa zamani, aliwapeleka wapi kwenye ziara za nyanjani, alisema nini darasani kuhusu ile tume, alikasirishwa na nini. Wapo pia wenye nakala za kitabu cha 1968 kwenye masanduku, na shule nyingi hapa hazijawahi kukiona. Kama baba yako, mama yako au jirani yako ni mmoja wao, kaa naye, mwulize, andika majibu yake na tarehe ya siku mliyozungumza.

Orodha yangu ya kwanza ni fupi. Naanza na mzee mmoja wa Maseno aliyekubali tukutane likizo ya Agosti, ambaye kwa simu ameniambia ana daftari lake la jiografia la chuo kikuu, lote, na michoro yake.